Chombo Kisichotaka Kushuka

Nilizaliwa Lamu katika nyumba ya mafundi wa majahazi, nikajifunza ufundi wa injini katika uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kisha riziki ikanichukua hata Mojave, katika jangwa la California, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu waliojiundia ndege kwa mikono yao walikuwa wakimiminika, kwa sababu hapo ndipo Burt Rutan alipokuwa na karakana yake, na michoro ya ndege zake, VariEze iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1975 na Long-EZ iliyoifuata mwaka 1979, ilikuwa imeenea katika magereji ya Marekani. Kazi yangu ilikuwa kuzikagua ndege hizo, kurekebisha kilichokwenda upande, na kufuatana na wenyewe angani mpaka wazizoee. Kuruka hakukuwashinda; kilichowaleta kwangu, aghalabu, ni kutua.

Mtu anayejiundia ndege hutumia miaka mingi kuufukuza ukinzani wa hewa. Hupaka pati juu ya faiba, akasugua kwa msasa, akapaka tena na kusugua tena, hata ukipitisha ukucha juu ya bawa haukwami popote. Huzamisha kila kichwa cha skrubu, huziba kila mwanya, na huona fahari ndege yake inapoishinda ya jirani kwa mwendo ilhali injini zao ni sawa. Kisha siku ya kutua hukuta kwamba kile alichokifukuza ndicho anachokihitaji, kwani chombo kisichozuiliwa na hewa hakina sababu ya kupunguza mwendo, na ukikiinamisha pua ili kishuke, kimo unachokiacha hugeuka kuwa kasi.

Katika ndege nyingi jambo hili huondolewa kwa flapu, ambazo huzidisha nguvu ya kuinua na ukinzani kwa pamoja. Long-EZ haina flapu, wala hazikusahauliwa: bawa lake kubwa liko nyuma ya kitovu cha uzito, na lau lingeongezewa nguvu ya kuinua, pua ingesukumwa chini kuliko uwezo wa bawa dogo la mbele kuizuia. Badala yake ina sahani tumboni, yenye bawaba upande wa mbele, ambayo rubani huifungua ikasimama kinyume cha upepo. Nayo huleta ukinzani bila kuigusa sana nguvu ya kuinua. Tena sukani zake mbili za ncha za mabawa hufunguka kwa nje tu, kila moja kwa pedali yake, hivyo mwenye kukanyaga zote mbili kwa pamoja hupata breki nyingine.

Nilipata pia kuhudumia Fly Baby, ndege ya mbao aliyoibuni Peter Bowers, mhandisi wa Boeing, ambayo mabawa yake yamefungwa kwa nyaya nje nje. Hiyo, ukiondoa nguvu ya injini, nyaya zake zenyewe huizuia. Na ikiwa bado juu mno, rubani hulaza bawa moja na kukanyaga usukani wa upande wa pili, ndege ikashuka ikiupa upepo ubavu, pasipo kuongeza kasi.

Namkumbuka mwalimu mmoja mstaafu, ambaye Long-EZ yake ilikuwa laini kuliko zote nilizozigusa, na ambaye alikuja kunitaka nimtengenezee sahani pana zaidi, kwani kwa maneno yake ile ya kwenye michoro haikufaa kitu. Nikamwomba kwanza tuzunguke naye uwanja. Niliketi nyuma yake, pasipo na pedali, nikikitazama kipimo cha kasi kupitia begani mwake. Aliikunjua sahani kama ipasavyo, lakini kwa woga wa kupoteza nguvu ya kuinua alikuwa amejiongezea mwendo; na kasi iliyozidi kwa sehemu 1 katika 10 huzidisha nishati kwa takriban sehemu 21 katika 100, ambayo yote lazima ilipwe kabla ya magurudumu kutulia. Tulipofika karibu na ardhi, chini ya kimo kilicho sawa na upana wa mabawa, ambao kwa Long-EZ ni kama mita 8, ardhi ilianza kuzuia mzunguko wa hewa kwenye ncha za mabawa, na ule ukinzani uzaliwao na nguvu ya kuinua ukapungua. Ndege ikaelea, lami ikipita chini yetu, mpaka nikamwambia aongeze mafuta tupande tena.

Nahodha aingiaye bandarini hapunguzi tanga akiwa amekwisha ifikia gati. Nilimwambia vivyo hivyo ashike kasi yake sahihi mapema, tukiwa tungali tunakwenda sambamba na uwanja, sahani iwe imekwisha funguliwa, na asiiguse tena kasi hiyo ila kwa sababu. Hofu yake nayo nilimwondolea kwa hoja: bawa dogo la mbele limebuniwa lipoteze nguvu kabla ya lile kubwa, pua ikainama yenyewe kidogo, na bawa kuu likabaki likibeba. Nilimtahadharisha pia kwamba Mojave iko karibu futi 2,800 juu ya bahari, hewa yake wakati wa joto ni nyepesi, na lami itapita haraka kuliko kipimo kinavyosema, jambo ambalo humshawishi mgeni kuvuta pua kabla ya wakati.

Alitua siku ile ile, na sahani pana hakuiulizia tena. Tangu hapo kila aliyenijia na mchoro wa breki mpya nilimwomba kwanza aniandikie kasi anayoingia nayo. Na wengi wao, walipokwisha kuiandika na kuilinganisha na kitabu cha ndege, waliikunja michoro yao wakaenda kujaribu tena kwa mwendo wa chini.