Mwaka 1920, Walipoondoka

Ushuhuda wangu hauna ajali ya basi wala ugonjwa uliowashinda madaktari, na pombe sikuwahi kuizoea. Ndiyo maana kila nafasi ya shuhuda ilipotangazwa nilibaki nimekaa. Kilichonigeuza mimi ni historia ya usharika, habari ambayo wengi wetu huisikiliza siku ya jubilei huku tukitazama saa na kunusa pilau. Hata hivyo nitaisema.

Nimezaliwa Kidia, Old Moshi, katika nyumba ya Kilutheri kwelikweli. Shule ya Jumapili, kipaimara, kwaya, vyote nilipita. Bibi aliimba kwa Kimochi nyimbo zote za ibada bila kufungua kitabu, na matarumbeta yakianza alikuwa anasimama kabla mchungaji hajasema tusimame. Baada ya ibada ulikuwa mnada: mkungu wa ndizi, maziwa kwenye kibuyu, jogoo amefungwa miguu, na wajomba waliopanda kutoka Dar na Arusha wakishindania yai moja kwa bei ya trei nzima, kisha mshindi analirudisha mezani linadiwe upya. Sijaona bado njia ya kuchangisha inayofurahisha kuliko hiyo.

Nilipohamia Dar es Salaam imani haikufa, ilipungua tu. Halafu nikasoma habari za Mangi Meli, mtawala wa zamani wa kwetu Old Moshi, nikiwa mtu mzima mwenye kazi na watoto, na hasira ikanishika.

Utotoni jina hilo tulilisikia, lakini kwa mafungu. Sasa nililiona lote kwa mpangilio wa miaka. Baba yake, Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, aliwakaribisha Waingereza wa misheni ya CMS mwaka 1885. Alifariki mwaka 1891, Meli akashika nafasi yake akiwa kijana. Mwaka 1892 akawapiga Wajerumani, kamanda wao von Bülow akafia vitani. Watu wa CMS wakahamia Taveta mwaka huohuo, maana serikali ya Kijerumani iliwashuku kuwa upande wa Meli. Agosti 1893 Gavana von Schele akaja na jeshi kubwa, Meli akashindwa. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walikuwa njiani. Wakafungua kituo cha Machame mwaka huohuo, Mamba mwaka uliofuata, na Moshi, yaani kwetu, mwaka 1896. Tarehe 2 Machi 1900, kwenye mti wa Tsudunyi, Meli akanyongwa pamoja na viongozi wenzake, watu 19 kwa jumla.

Kati ya 1896 na 1900 ni miaka minne. Kwa miaka minne misheni na Meli walikuwa kwenye mgongo mmoja wa mlima. Na kichwa chake, kwa simulizi ya kwetu, kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Wajukuu wake wamekitafuta miaka na miaka. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kuwa vipimo vya vinasaba vimeunganisha mafuvu machache ya Kilimanjaro na jamaa walio hai. La Meli halikuwa miongoni mwayo.

Basi niliona nimedanganywa. Nani aliyenibatiza? Dini iliyopanda mlima nyuma ya mzinga! Nikaacha bahasha za ahadi zikae kwenye droo. Baadaye rafiki mmoja wa ofisini akanialika kwenye huduma moja kubwa ya mjini, nikakaa huko muda. Sitaitaja, na sitaisema vibaya. Watu wa kule waliniombea kweli nilipofiwa. Ila kitu kimoja kilinikosesha utulivu: huko hapakuwa na jana. Habari yote ilianza siku mwanzilishi alipoona maono. Kabla yake giza, baada yake nuru, na picha yake mlangoni. Mtu aliyelelewa kwenye kihamba chenye makaburi ya babu zake mgombani hawezi kukaa muda mrefu mahali pasipo na wafu.

Kilichonirudisha kilianza msibani, kama mambo mengi ya Wachagga. Tulikwenda kumzika mama mdogo, na baada ya mazishi nikajikuta nimekaa na mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, aliyenifundisha hesabu za kugawanya. Nikamwaga yote: Meli, mzinga, mti, kichwa. Nilitegemea ajitetee. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Umesema kweli tupu, mwanangu," akasema. "Ila hadithi yako inaishia 1900. Sisi huku tumeendelea kuishi."

Kisha akaniuliza nani alikuwa mchungaji wa Kidia mwaka 1921. Nikasema Gutmann, maana kila mtoto wa Old Moshi anamjua Gutmann. Akatikisa kichwa.

Bruno Gutmann alikuja kwetu mwaka 1910. Wengine wanamjua kama mtaalamu wa mila; aliandika vitabu vinene juu ya sheria za Wachagga na mafundisho ya jando, na mpaka leo wasomi wanavipekua. Lakini mwaka 1920, baada ya Ujerumani kushindwa vita, Waingereza waliwafukuza wamisionari wa Kijerumani, naye akaondoka. Katika misheni ya Leipzig kaskazini, Leonhard Blumer aliyekuwa Arusha aliachwa kwa sababu alikuwa Mwestonia. Walutheri wa Marekani, wa Sinodi ya Augustana, walianza kufika mwaka 1922, wachache, wasioijua lugha wala njia. Gutmann aliporudi Kidia ilikuwa 1926.

Katikati hapo, nani aliendesha? Walimu wa shule za vijijini na wazee. Hapakuwa na Mchagga hata mmoja aliyebarikiwa kuwa mchungaji. Wa kwanza walikuja kubarikiwa miaka ya 1930. Walikuwapo watu wa kawaida, wenye mbuzi na mifongo, yaani mifereji ya maji, ya kusafisha, waliofundisha watoto kusoma asubuhi na kuongoza sala Jumapili. Mshahara kutoka Leipzig ulikuwa hauji tena, na bwana wa kuwakagua hayuko. Wangetaka kuacha, huo ndio ulikuwa mwaka wa kuacha. Dini ya mzinga ilikuwa imeondokewa na mzinga, na waliomnyonga Meli walikuwa wamefukuzwa nchini. Miongoni mwa wale walimu na wazee walikuwamo watu waliokuwa vijana siku ile ya Tsudunyi. Walijua mambo ya mti ule kuliko mimi na vitabu vyangu. Wakafungua milango ya kanisa.

Hapo nilinyamaza. Nikamwuliza Mwalimu, waliwezaje kufanya hivyo wakijua yote yale? Akasema hakuwauliza walipokuwa hai, na sasa amechelewa. Nilipenda jibu hilo. Mhubiri angenipa aya.

Niliporudi Dar nikaanza kutafuta na kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo mambo yalivyokataa kunyooka. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, Meru. Kapteni Johannes wa jeshi la Kijerumani akaenda kulipiza kisasi juu ya Wameru na Waarusha, na walioandamana naye ni maelfu ya wapiganaji Wachagga. Babu zetu, yaani. Nilikuwa nimejizoeza kuwaona kama watu waliotendewa tu. Kumbe nao walikuwa na mikono, na mikono hiyo ilifanya mema na mabaya. Wamangi hawakuwa kitu kimoja pia. Kila mmoja alimpima Mjerumani kwa kumpima kwanza jirani yake. Mtu akitaka historia ya usharika isiyo na aibu, akatafute mlima mwingine.

Na Gutmann mwenyewe hakai kwenye boksi moja. Aliamini kwamba usharika hauwezi kuota hewani; lazima ukae juu ya mambo ambayo Mchagga alikuwa nayo kabla ya Biblia: ukoo, ujirani, rika. Ukoo unaolima kihamba kimoja, majirani wanaokunywa maji ya mfongo mmoja, vijana waliotahiriwa pamoja. Watoto wa kipaimara akawafunga katika vikundi vya kusaidiana, kwa mfano wa rika la zamani. Ninapoona leo jumuiya ndogondogo zetu zikikutana nyumba kwa nyumba alfajiri, au mtaa mzima ukibeba mchanga wa ujenzi, naona mawazo yale bado yana miguu. Upande wa pili, vijana wasomi wa wakati wake walimshuku kwamba anataka kuwafungia mgombani huku dunia ikikimbia. Hawakusubiri ruhusa yake. Joseph Merinyo, aliyelelewa na misheni hiyohiyo ya Old Moshi, ndiye aliyeongoza chama cha wakulima wa kahawa wa Kichagga kilichoanzishwa mwaka 1925, wakati walowezi wakitaka kahawa iwe yao peke yao. Chama hicho ndicho kilichotangulia chama cha ushirika cha KNCU cha mwaka 1933. Kwa hiyo usharika ulizaa mtu wa mila na mtu wa kahawa, nao hawakuelewana. Mimi, ambaye ni mhasibu, niko upande wa Merinyo.

Baada ya hapo miaka inakimbia, nami sitaifuata yote. Vita ya pili ikawaondoa Wajerumani tena, na safari hii hakuna aliyeshangaa kuona kanisa halifungwi. Stefano Moshi, mzaliwa wa Mamba, akawa kiongozi wa kanisa la kaskazini, na makanisa saba yalipoungana Juni 1963 kuwa kanisa moja la Kilutheri la Tanganyika, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wake wa kwanza.

Mtauliza basi kilichobadilika kwangu ni nini. Hasira juu ya kifo cha Meli haikuondoka, wala siombi iondoke. Ila ilikuwa inanipa mahali pa kusimama nje na kuhukumu, na mahali hapo nimepakosa. Nilikuwa nikisema "kanisa lao", nikimaanisha Wajerumani, au askofu, au yeyote mwenye funguo. Siwezi tena. Wale walimu wa 1920 hawakuwa na funguo za mtu, na sadaka ya ndizi waliyoikusanya haikutoka Leipzig. Nikatoa bahasha kwenye droo. Kwenye usharika ninaosali hapa Dar wakanichagua mzee wa kanisa, kazi ambayo asilimia kubwa ni vikao na kutafuta nani amekaa na ufunguo wa stoo, na wakanipa darasa la kipaimara Jumamosi.

Somo la historia ya kanisa kwenye darasa letu lilikuwa fupi: Luther, 1517, kisha wamisionari, kisha sisi. Nimelinyoosha. Naeleza Rindi, CMS, Taveta, Meli, Akeri, 1920. Baadhi ya wazazi hawakupenda. Mmoja alinipigia simu kuniambia nawachanganya watoto kabla hawajawekewa mikono ya baraka kichwani. Mchungaji wetu alisikiliza pande zote mbili, akasema niendelee, ila Amri Kumi nisiziruke. Haki yake, nilikuwa nimebakiza tatu.

Likizo iliyopita nilipanda Kidia na kikundi cha wanafunzi hao, wengi wazazi wao ni Wanyakyusa, Wapare na Wahaya, Wachagga wachache. Asubuhi ibada, kisha mnada, ambako kijana mmoja wa Mbeya alinunua jogoo bila kujua atamsafirishaje. Mchana tukaenda Tsudunyi. Mwalimu wangu wa zamani alikuja na mkongojo wake akawasimulia. Binti mmoja akamwuliza kama Meli alibatizwa.

"Hapana," Mwalimu akasema.

"Sasa wanaokuja huku kumkumbuka kila tarehe 2 Machi, wakristo wamo?"

"Wamo. Mimi mmoja wao."

Binti akaandika kwenye daftari, akauliza swali lingine, na lingine, mpaka dereva wa kosta akaanza kupiga honi.