Safarini na Asiyekula Nyama

Mpwa wangu hali kitokacho kwa mnyama: si nyama, si samaki, si yai, wala samli. Tulipotoka Mombasa kwa gari kwenda Dar es Salaam, Tanga alishiba mbaazi za nazi bila ya swali. Taabu ilianza Segera. Maharage yamekaangwa kwa nini? Upawa huu haukuchota mchuzi wa nyama? Akala wali mkavu na ndizi, na mwenye hoteli akanuna, akidhani chakula chake kimedharauliwa.

Garini kaka yangu akamgombeza: "Mwanangu, mbona wajiharimishia alichokuhalalishia Mola?"

"Sisemi ni haramu, mjomba. Sili tu."

Kwangu jibu hilo latosha. Mtume (S.A.W.) aliandaliwa dhabbu, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi, hakumla, wala hakumharimisha, na Khalid bin Walid akamla mbele yake. Lakini mwenye hoteli naye ana haki ya kuelezwa.

Chalinze nikatangulia jikoni, nikamweleza mama mpishi. Akacheka, akachemsha mchicha mbali kwa tui. Kaka akaagiza kuku. Wakala sinia moja, kila mtu kilicho mbele yake.