Dogo Akisema "Niko Fiti", Usimwamini

Kama una wadogo zako au wapwa wa miaka 12 mpaka 16, na umechoka kuwaona wamelala kwenye kochi likizo nzima, wapeleke Marangu. Sisemi uwafikishe kileleni Kilimanjaro, mita 5,895. Hiyo ni safari ya siku tano, sita, na pesa yake si mchezo. Halafu walio chini ya miaka 10 huko kileleni hawaruhusiwi kabisa. Nasema Mandara, kituo cha kwanza, kwenda na kurudi siku moja.

Kutoka Moshi mnapita Himo, kisha gari linaanza kuhema katikati ya migomba na kahawa za Wachaga. Watoto wa Dar watafungua madirisha yote kwa mbwembwe. Ngoja kidogo, watayafunga wenyewe. Geti la hifadhi liko mita 1,900 hivi, Mandara mita 2,720. Njia ni kama kilomita nane, saa tatu hivi za kupanda, yote ndani ya msitu. Miti imefuga ndevu, vijito vinapiga kelele pembeni, na mkibahatika mtaona mbega wakirukaruka juu na mikia yao myeupe. Hata dogo anayejifanya hashangai kitu atasimama.

Sasa kasheshe. Mara ya kwanza nilikwenda na watoto wa dada yangu, wa kiume miaka 15 na wa kike 12. Binti alivaa alivyoambiwa na mama yake. Kaka mtu akatinga jinzi na raba mpya, na mimi, anko mtu, nikamsifia! Tena nikamtania: "Mwanaume hashindwi na kilima."

Mvua ikatukuta katikati ya njia. Jinzi ikilowa haikauki, na kule juu kila mita 100 unazopanda baridi inaongezeka. Kila nikimuuliza, "Vipi dogo?" ananijibu, "Niko fiti, anko." Aliyenishtua ni mdogo wake: "Anko, kaka hawezi kufunga zipu." Nikamshika mikono, barafu. Midomo inatetemeka, maneno hayatoki vizuri. Mwongozaji hakutaka mjadala. Alimvua fulana iliyolowa, akamvisha sweta lake kavu, akampa chai ya moto ya kwenye chupa, tukageuza.

Usiku ule sikulala. Ni mimi niliyemfunga mdomo kwa utani wangu.

Kwa hiyo siku hizi mipango yangu inaanzia sebuleni, mapema. Tunakubaliana kwamba yeyote akisema "tugeuze", tunageuza, hakuna kuulizana wala kuchekana. Halafu simuulizi mtoto mkubwa mbele ya mdogo wake; hapo hata akiwa anakufa atasema poa. Namvuta pembeni, nashika vidole vyake mwenyewe. Na saa ya kugeuza tunaipanga kabisa, saa saba mchana, tumefika hatujafika, maana kushuka kunataka saa mbili na giza la msituni halina urafiki.

Mengine ni ya kawaida. Fikeni Marangu jana yake mlale, muanze kutembea asubuhi. Epukeni Machi mpaka Mei, masika hiyo. Kila mtu abebe mwenyewe koti la mvua, sweta na soksi kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na maji yake. Chapati na mayai ya kuchemsha vinatosha. Anayetembea taratibu zaidi akae mbele, wengine wamfuate. Kitambulisho usisahau, kiingilio cha Mtanzania si sawa na cha mgeni.

Mwaka uliofuata, Julai, tulirudi. Dogo alikuja na suruali nyepesi na koti aliloazima mwenyewe, sikumwambia kitu. Tulifika Mandara kabla ya saa sita, tukala, kisha tukapanda kwenye kreta ya Maundi, dakika 15 tu kutoka pale. Mawingu yalifunguka tukaiona Kibo yote, nyeupe juu, na upande wa pili tambarare za Kenya.

Wakati wa kushuka kuna mtu alisema "tupumzike, magoti hayawezi". Hakuna aliyemcheka. Alikuwa anko.