Bawa la Kwenye Kopo la Biskuti



Wengine hukusanya stempu. Mimi kwa miaka mingi nimekusanya beji za wanajeshi wa anga wa Vita Kuu ya Pili. Najua baadhi yenu mtacheka, Haji mzima hapa Kampala anahangaika na vitambaa vya Waingereza! Mke wangu alishacheka zamani. Sharti lake ni moja tu, ile nembo yangu ya kichwa cha kifaru isikae katika chumba tunachoswalia.

Kifaru kilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Askari wetu wa K.A.R., au Keya kama wazee walivyoiita, waliivaa walipopelekwa Burma mwaka 1944. Walipigana bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, barabara zikiwa tope tupu, na chakula chao kikidondoshwa na ndege. Desemba mwaka huo wakavuka mto Chindwin. Ndipo nilipoanza kupenda habari za wanaanga hao.

Siku moja baada ya Alasiri kijana wa mtaani alinifuata nje ya msikiti na kopo la biskuti. "Haji, nasikia wewe hununua vitu hivi. Ni vya marehemu babu." Ndani mlikuwa na Nyota ya Burma, ile ya ncha sita, na chini yake kitambaa chenye bawa moja na herufi AG.

Rubani wa Uingereza alivaa mabawa mawili. Wenzake ndani ya ndege walivaa bawa moja lenye herufi za kazi yao, na AG ni mpiga bunduki wa ndegeni. Beji hiyo ilianza kutolewa Desemba 1939. Za kuiga zimejaa, kwa hiyo niliimulika kwa taa ya kukagulia noti bandia, kwa sababu nyuzi za kisasa mara nyingi hung'aa. (Hata ya zamani hung'aa ikifuliwa kwa sabuni ya unga, msidanganyike.) Hii haikung'aa. Nilijua thamani yake. Kijana hakujua. Nikampa shilingi 20,000, akashukuru sana.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikamweleza sheikh wetu, nikitumaini ataniambia kwamba bei ni maridhiano. Akanikumbusha kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza kuupokea msafara wa biashara njiani kabla haujafika sokoni, kwa kuwa mwenye mali hajajua bei. "Sasa Haji," akasema, "huyo kijana alikuwa amefika sokoni?"

Sikuwa na jibu. Nikabeba kopo hadi Kawempe kwa bibi wa yule kijana, ambaye sote tunamwita Jjajja. Kumbe hata hakujua kwamba limeuzwa. Kijana aliinamisha kichwa, na mimi pia. Nilimweleza bei ya kweli, nikataka kuongeza fedha au kurudisha vyote.

Jjajja aliishika nyota, akaigeuza nyuma. "Mbona hakuna jina lake?"

Swali hilo lilinichoma. Nyota za Uingereza za vita ile hazikuchongwa jina la askari. Ikitoka nyumbani kwa mwenyewe, basi ni nyota ya mtu yeyote. Mimi ninazo nne kabatini, na sijui hata moja ilikuwa ya nani.

Akatusimulia. Mumewe alilazwa hospitali huko vitani, kitanda cha jirani akiwa kijana wa Kiingereza aliyeungua mikono. Mumewe alikuwa akimlisha. Siku ya kuachana yule Mzungu akalibandua bawa kwenye koti lake akampa. Mjukuu alikuwa hajapata kuisikia habari hiyo.

Nyota akaibakiza. Bawa akaniachia, na fedha ya nyongeza akaagiza apewe mjukuu kwa karo yake. Lakini kwanza akataka niandike jina la mumewe na habari ile yote kwenye karatasi, ikae na bawa popote litakapokwenda. Kijana ndiye aliyeandika, maana mwandiko wangu mbaya.

Tukikutana msikitini siku za Ijumaa huniuliza, "Haji, karatasi bado ipo?"

Ipo.

Wabillahi Tawfiq.