Msomi karudi likizo, kaziba matundu

Najua nimepotea sana humu ndani, tangu chuo kifunge sijaandika hata mstari. Nilikuwa nyumbani Ruanda. Sasa nimerudi Mlimani, bumu halijatoka, mfukoni pakavu, kwa hiyo muda wa kuandika ninao wa kutosha.

Ruanda ninayoisema siyo ile nchi ya jirani wala ile ya Mbeya mjini. Ni kata yetu ya Mbinga, Ruvuma, kwenye makaa ya mawe ya Ngaka. Uchimbaji ulipoanza kwa nguvu mwaka 2011, wageni wakaja wengi na kila mwenye chumba cha ziada akapata mpangaji. Na sisi tukapata. Nyumba aliijenga marehemu babu, tofali za kuchoma, bati juu, dari hakuna. Vyumba sita: vitatu tunakaa sisi, vitatu wapangaji. Mita ya LUKU ni moja. Hapo ndipo ugomvi wote unapoanzia.

Kila mwisho wa mwezi ni kesi. Huyu anasema mimi nina taa moja tu, kwa nini nichange sawa na mwenye friji? Mwenye friji naye anasema pasi yenu je? Mama amechoka kuwa hakimu. Nilipofika mwezi wa saba akaniambia, "Haya msomi, tusaidie."

Msomi nikachukua kalamu. Mwezi wa sita nyumba nzima ilikula uniti 104. Nikapita chumba kwa chumba, nikakuta mchawi siyo friji peke yake. Mchawi mkubwa alikuwa nje! Taa mbili za zamani, zile za waya mwembamba ndani, wati 60 kila moja, zinawaka tangu saa kumi na mbili jioni mpaka asubuhi. Piga hesabu: wati 120 kwa saa 12 ni karibu uniti moja na nusu kwa usiku, kwa mwezi ni 43. Taa ambazo hakuna anayejiona kuwa ni zake. Nikanunua mbili za LED za wati 7. Hizo kwa mwezi zinakula uniti 5 tu. Mwezi wa nane tukaishia uniti 66. Kesi ikaisha, mwenye friji akanipa juisi ya bure.

Nikajifunza na jambo jingine. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016, mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi alipangiwa shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa kawaida shilingi 292, kodi na tozo hazimo. Sasa chukua kaya nne, kila moja inatumia uniti 25. Kila moja ingekuwa na mita yake, zote ni wateja wadogo. Ziweke kwenye mita moja, tayari ni uniti 100, mnahesabiwa wakubwa. Yaani wanaobanana nyumba moja ndio wanaolipa ghali.

Mpaka hapo nilikuwa shujaa. Ningeishia hapo nisingeandika haya.

Mwezi wa saba kwetu kuna baridi, wa Dar hamuwezi kuelewa. Kati ya ukuta na bati kuna matundu ambayo upepo unapita kama uko barabarani. Dada mpangaji wa chumba cha mwisho ana mtoto wa miaka mitatu, akaniomba, "Kaka, na huku kwetu angalia." Nikapanda na udongo na viroba, nikaziba kote. Dirisha lililopasuka nikaligongea karatasi ya nailoni. Chumba kikatulia kabisa. Nikajisifu kwamba joto halipotei tena.

Sikumuuliza anapika wapi.

Mkaa ni ghali, kuni ziko mbali, na malori ya makaa ya mawe yakipita kwenye makorongo huangusha vipande. Watu huokota. Jioni ile dada alibandika maharage nje, akaongeza vipande viwili vya makaa ya mawe juu ya mkaa ili jiko lidumu. Moshi ulipokwisha na jiko limebaki jekundu, akaliingiza ndani wapate joto. Akafunga mlango, wakalala.

Bibi ndiye aliyesikia. Usiku wa manane alitoka uani, akasikia mtoto analia kilio cha kukatika katika. Akagonga, kimya. Akapiga kelele, tukausukuma mlango. Dada alikuwa macho lakini miguu haimbebi, kichwa kinamuuma, mtoto anatapika. Wenyewe walidhani malaria. Tukawatoa kwenye hewa, jiko tukalitupa uani, tukawakimbiza zahanati. Walipona, namshukuru Mungu.

Hewa ile naijua. Nimeisoma kidato cha tatu, nimejibu maswali yake kwenye mtihani: kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, inashika damu mahali pa oksijeni. Jiko jekundu lisilo na moshi ndilo linalodanganya watu. Yale matundu niliyoyaona ni hasara ndiyo yaliyokuwa yanamlinda yule mtoto miaka yote. Nilihesabu uniti za nyumba nzima nikasahau kuhesabu jiko.

Asubuhi nikapanda tena nikazibua. Bibi alinitazama akasema tu, "Sasa umesoma." Wiki iliyofuata tukajenga banda la kupikia uani, wapangaji wote wakachangia miti na bati kuukuu. Sheria ni moja, jiko halivuki kizingiti. Maharage yanalowekwa usiku, yanachemka nusu saa na mfuniko juu, kisha sufuria inaviringishwa blanketi kuukuu ndani ya kapu, yanaivia humo. Mkaa unaotumika umepungua sana. Dada nilimnunulia blanketi la pili kwa hela yangu ya nauli, ndiyo maana nimerudi chuo na lori.

Mwaka 2022 vita ya Ukraine ilipoanza, wanunuzi wa Ulaya wakayatafuta makaa ya Tanzania, yakapakiwa melini Mtwara. Mwaka 2024 serikali ikazindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Naunga mkono mia kwa mia. Ila wanaoandika mikakati, na sisi wenye kalamu, tuwe tunauliza kwanza: usiku jiko lenu linalala wapi?

Hata hapa hosteli tunabebana wawili kitanda kimoja na jamaa kachomeka koili ya maji kwenye soketi iliyoungua. Nimemwambia achomoe. Kaninunia.

Haya, kipindi cha saa nane kinaniita. Tuonane wadau.