Rula ya Sentimita 25

Kabla kamera ya gama haijafika kwetu, chumba cha kupimia tezi ya shingo kilikuwa na jicho moja: bomba la risasi kwenye mkono wa chuma, ndani yake fuwele ya sodiamu iodaidi. Kipima mionzi cha Geiger kilikuwepo, lakini kazi yake ilikuwa kukagua meza na mikono yetu. Saul Hertz na wenzake kule Boston walianza na Geiger mwaka 1937, wakipima sungura; ila gesi yake huacha miale mingi ya gama ipite bila kuhesabiwa. Fuwele huinasa, kila mwale ukawa cheche ndogo ya nuru.

Vidonge vya iodini 131 vililetwa viwili, nguvu sawa. Kimoja alimeza mgonjwa, cha pili kikatiwa ndani ya shingo ya plastiki. Vikafifia pamoja, nusu kila siku 8, hivyo kesho yake tulilinganisha shingo na shingo. Paja nalo tulilipima. Lina damu ila halina tezi. Hesabu yake tuliitoa, tukabaki na nambari moja: asilimia ya iodini iliyonaswa na tezi.

Siku moja alikuja mama mwenye rovu, mtu wa Njombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Litauma hilo?"

"Haliumi. Inua kidevu tu."

Nambari ikatoka juu mno. Daktari akamshika mama kifundo cha mkono, akahesabu mapigo. Yametulia. "Rudia," akaniambia. Nilipoweka rula tena, haikuingia: bomba lilikuwa sentimita 23 kutoka shingoni badala ya 25. Sentimita 2 tu, na hesabu hupanda kwa karibu asilimia 18. Niliona aibu mbele ya mtu aliyesafiri mbali vile kutuamini.

Niliporekebisha, nambari ilishuka lakini bado ikawa kubwa. Daktari akanieleza kwamba tezi yenye njaa ya madini joto hudaka iodini yoyote inayopita, hata kama haijapitiliza kazi.

Kamera ilipokuja, ilileta picha. Bamba lake la matundu huzuia miale mingi, ndiyo maana kwa asilimia niliendelea kuliamini bomba. Lakini bomba halitambui nundu ipi inanyonya iodini na ipi imenyamaza. Rovu la mama yule lilikuwa na nundu tatu, nilizigusa kwa kidole. Kwenye kadi yake niliandika nambari moja.