Injini juu ya bawa

Weka mgongo wa kijiko kwenye maji ya bomba: maji hayaanguki wima, yanaukumbatia na kupinda nao. Hewa nayo ina tabia hiyo, na jina la Mromania Henri Coandă ndilo limeing'ang'ania. Nataka ndege yangu ya mfano ipae kwa ujanja huo. Turbini ndogo ya mafuta ya taa, inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nimeichora juu ya bawa, kama injini za Antonov An-72 iliyoruka mara ya kwanza 1977.

Joto la pumzi yake, nyuzi mia kadhaa, nitalikinga kwa bati jembamba; uzito ndo huo unaongezeka. Kinachoninyima usingizi ni kingine: injini ikizima hewani, sehemu kubwa ya nguvu ya kuinua inazima nayo, na chini kuna watu.

"Si uiweke tu mkiani kama wenzio?" mke wangu kauliza.

Wenzangu wanaruka salama, kweli. Na Avrocar ya Kanada, ile sahani, iliyumba kila ilipopanda kama mita moja; mradi ukafutwa 1961. Basi nimerefusha bawa kwa robo, ili hata bila pumzi iteleze mpaka kwenye majani. Jumamosi naijaribu bila injini.